Bibi Alitokea Ndani ya Ndoo!

Wiki hii usicheke, nina la moyoni.

Mwaka jana mshikaji wangu mmoja anayejitengenezea filamu alikuja Newala na kamera ya Super 8, ile ya mkanda mwembamba iliyoanza 1965. Akampiga bibi yangu akibangua korosho. Mkanda mmoja ni mita 15, dakika 3 na sekunde 20, basi. Wiki mbili baadaye bibi akatutoka. Picha nyingine hana.

Kuupeleka Ulaya kusafishwa, pesa wapi? Mshikaji akasema tuusafishe wenyewe: kahawa ya kuyeyuka, magadi ya kufulia na vitamini C, halafu haipo ya kuikaza picha. Kasheshe ni maji. Mkanda husuuzwa tena na tena, na Newala maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Mama mdogo akanuna: “Mnaosha plastiki, sisi tunywe nini?”

Tukajifungia chooni, giza totoro, mikono inatetemeka. Kuwasha taa, bibi huyo! Chale zake nyeusi za usoni zimetoka nyeupe, maana mkanda hugeuza.

Tukateremka Masasi kwa mwenye kompyuta. Kila kipicha tukakipiga kwa kamera ya dijitali, vipo 3,600, mgongo uliniuma kweli, kisha kompyuta ikarudisha weusi mahali pake.

Mwishoni mwanga uliingia. Bibi anageuka kuniita, anayeyukia kwenye weupe.

Mama mdogo kaangalia mara nne, kimya. Halafu akauliza kama maji yamebaki.