Besi Humfuata Asiyesogea

Kisiwani Mombasa mpiga besi hununua vifaa akiiwaza bahari kwanza, muziki baadaye. Chumvi haina subira. Nyuzi mpya zikikaa bila kufutwa hushika kutu kwa chini, upande usiouona, na skurubu za daraja zikishikana ndiyo basi, hazizunguki tena. Vitufe vya sauti navyo huanza kukwaruza kwenye spika. Kwa hiyo mkobani mwangu kitambaa kikavu na chupa ya mafuta mepesi ya cherehani vilitangulia pedali yoyote.

Nilianzia hoteli za Nyali na Bamburi, enzi ambazo bendi isiyopiga Jambo Bwana ya Them Mushrooms, iliyotoka 1982, haikuitwa tena. Adui wa hotelini ni kiyoyozi. Gita likitolewa kwenye ukumbi wa baridi likaletwa kando ya bwawa la kuogelea, nyuzi hupata joto, hulegea, na sauti inashuka. Nilikuwa nalitoa mapema nikaliweka kivulini, lizoee hewa wakati wageni bado wako mezani.

Harusi za Mji wa Kale ndizo zilizonifunza kuchagua tyuna. Kibokoni gari haliingii kila mahali. Vyombo hushushwa barabarani vikaingia vichochoroni kwa mkokoteni, na aliyebeba ampu ya mbao ya zamani hufika jasho linamtiririka kabla hajapiga noti. Nilipopata ampu ya kisasa ya kilo mbili tatu, ya kuunganisha na spika za kukodi, niliiuza ile kubwa bila huzuni yoyote. Umeme wenyewe hutoka dirishani kwa jirani, waya umepita juu ya turubai, na mara nyingi ule waya wa ardhini haupo. Spika inanguruma, na midomo ya mwimbaji ikigusa maikrofoni anaruka. Kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia gita na mfumo wa sauti, chenye swichi ya kukata ule mnguruma nakihesabu ni chombo cha muziki kama vingine. (Hiyo swichi inanyamazisha mnguruma tu. Anayerushwa na umeme dawa yake ni fundi.) Vitu unavyoletewa na jamaa wa Muscat au Dubai havina shida, plagi zao ni kama zetu za pini tatu; vya Marekani na Japani ukivichomeka bila kusoma maandishi ya adapta, utaona moshi.

Sasa tyuna. Wapigaji wengi huangalia ubora wa taa na bei. Mimi huuliza jambo moja: inakubali kuhamishwa kutoka 440? Ulimwengu umeafikiana kwamba noti ya A ya kulinganishia vyombo iwe mitetemo 440 kwa sekunde, lakini harmoniamu haikuhudhuria kikao hicho. Sauti yake hutoka kwenye vilimi vya shaba. Kukibadilisha kilimi kimoja unahitaji tupa na mchana mzima. Mtindo wa mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ulijaa mahadhi ya Kihindi, na waliomfuata Mombasa waliendelea kuitegemea harmoniamu. Halafu kuna tashkota, kile chombo kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita, chenye vibonyezo kama vya taipureta juu ya nyuzi, ambacho kwenye nyimbo za taarabu za Zuhura Swaleh kinang'ata masikio kwa utamu. Mwenye tashkota akishalinganisha nyuzi zake, hamwambii mtu arudie.

Besi ndiyo husogea. Nilikuwa namwomba mwenye harmoniamu ashikilie A moja, nachomeka waya wa maikrofoni yake kwenye pedali yangu, nasoma. Kama amekaa 443, naipeleka tyuna 443 na kutuni nyuzi zangu nne hapo. Boss TU-3, iliyoingia sokoni 2010, hukubali kutoka 436 hadi 445, nayo ukiikanyaga hukata sauti, ukatuni kimyakimya huku bibi harusi anaingia. Zile za kubana kichwani mwa gita husoma mtikisiko wa mbao, na jukwaa la mbao lenye dumbaki na tumba linatikisika lote. Tena uzi mnene wa E una mitetemo 41 na ushei tu, tyuna za bei rahisi husitasita juu yake. Gusa uzi huo kidogo juu ya freti ya 12, upige: unapata 82, na mshale unatulia.

Mzee mmoja mpiga udi, aliyekuwa akizungusha vigingi huku anazungumza na watu, aliniona nimeinama juu ya pedali.

"Mwanangu, hiyo taa yako yasemaje?"

"Yasema uko juu kidogo, Maalim."

"Basi ipandishe."

Nikaipandisha. Udi hauna freti, kwa hiyo akiingia maqamu ya Kiarabu iitwayo Rast alikuwa ananing'inia kati ya noti mbili za gita langu. Hapo hakuna tyuna inayosaidia. Nilishika noti ya msingi nikamwachia yeye lile pengo, na sijapata mpiga udi aliyelalamika kwamba besi imepiga noti chache mno.

Harmoniamu zimepungua. Kinanda cha umeme kina mahali pa kupandisha au kushusha sauti nzima kwa nusu dakika, na kijana wetu wa kinanda siku hizi ndiye huja kwangu tukiwa bado tunafungua nyaya: "Ami, leo tuko ngapi?" Namwambia angoje. Mwenye udi hajafika.