Pesa za Chini ya Mafiga

Wazazi wetu wa Koboko hawakuweka pesa benki. Benki ilikuwa Arua, zaidi ya kilomita 50 kwa barabara ya vumbi, na mtu aliyeuza tumbaku yake au mbuzi wake hakuona kwa nini azipeleke sarafu huko ili kesho azifuate tena. Alirudi nazo nyumbani, akazitafutia mahali. Wako waliozika chungu chini ya mafiga, maana mwizi hathubutu kuchimba penye moto. Wako waliochimba chini ya mguu wa ghala. Wengine walizishindilia ndani ya ukuta wa udongo siku ileile ulipokandikwa, wakapaka juu yake udongo mwingine. Bibi yangu alizishona baadhi kwenye upindo wa shuka. Mahali pa kila mtu palijulikana na yeye peke yake. Mume hakumwambia mke, mke hakumwambia mume, na sisi watoto ndio kabisa hatukutakiwa kujua.

Sarafu zenyewe zilifika kwetu kwa njia nyingi. West Nile, mkoa wetu, iliingizwa Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo ilikuwa katika eneo la Lado, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909, kisha ikawekwa chini ya Sudan mwaka 1910. Kwa hiyo wazee wetu walishika pesa za tawala kadhaa bila kuhama kijiji. Sarafu za shaba za Kongo ya Leopold zilikuwa na tundu katikati. Senti za Waingereza nazo zilitobolewa, na tundu hilo lilimfaa mtu asiye na mfuko: alizitunga kwenye kamba akazifunga kiunoni. Rupia ilitumika hadi mwaka 1920, na muda mfupi baadaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba aliyesimama mbele ya milima.

Serikali ilitaka kodi ilipwe kwa sarafu. Haikupokea mtama wala mbuzi. Vijana wa Kilugbara na Kikakwa wakashuka kusini kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira. Babu yangu alikwenda huko, kisha akaandikishwa katika KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka Burma. Alirudi na shilingi za simba, pamoja na sarafu chache za India zenye uso wa Mfalme George wa Sita. Kwake zile za simba zilikuwa pesa hasa. Robo ya uzito wake ilikuwa fedha, na zilipobadilishwa mwaka 1948 zikawa za shaba na nikeli, alizitambua za zamani kwa mlio wake akiziangusha juu ya jiwe. Hakuzitumia hovyo. Alitoa moja panapo mahari au ugonjwa, nyingine zikabaki.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na kwa kuwa rais aliyeng'olewa, Idi Amin, alikuwa mtu wa kwetu, hesabu yake tulidaiwa sisi sote. Wanajeshi wa Tanzania walipofika West Nile katikati ya mwaka huo, watu wengi walikuwa wamekwisha kimbia, lakini wengine walirudi walipoona mambo yametulia. Mauti yenyewe yalikuja baada yao. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya la UNLA likaja kulipiza kwa raia. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa mashambani na majumbani. Tarehe 24 Juni 1981 waliuawa hata watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua.

Sisi tulikuwa tumekwisha vuka kuelekea Yei, wakati huo nchini Sudan. Watu wa Arua wengi waliingia Zaire, maana mpaka uko karibu nao. Hakukuwa na nafasi ya kuchimbua kitu. Mama alibeba mtoto, sufuria na unga wa muhogo. Bibi alivaa shuka yake. Babu alikuwa amefariki miaka michache kabla ya hapo, na chungu chake hakikuwa kimeonekana bado. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mwanajeshi Kampala, alitukuta njiani akiwa amevaa nguo za kiraia. Alifia ukimbizini kwa homa, akiwa kijana. Hakusema neno juu ya pesa, wala hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tukiuliza maji yako wapi.

Tulirudi mwaka 1986, vita vya Sudan vilipoingia makambini. Mahali pa boma letu palikuwa msitu mdogo. Paa za nyasi zilikuwa zimeungua, na kuta zilizobaki wazi zilikuwa zimenyeshewa misimu kadhaa hadi zikayeyuka na kuwa vilima vyekundu. Tulifyeka, tukachimba udongo huohuo ili tujenge upya, na hapo ndipo pesa zilipoanza kutoka. Noti zilikuwa zimekwisha, mchwa walizila pamoja na vitambaa vilivyozifunga. Sarafu zilibaki. Katika kilima cha iliyokuwa nyumba ya babu zilitoka shilingi za simba, nyeusi kama makaa. Chini ya mafiga ya bibi zilitoka senti za tundu, zimeshikana kwa kutu ya kijani. Jirani alipopanda mihogo alitoa mkebe uliojaa sumuni za mwaka 1966, za kwanza za Uganda huru.

Mtu angedhani tulifurahi. Mei 1987 serikali ilibadilisha pesa: kila shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Hata kabla ya hapo sarafu za zamani hazikununua chumvi. Namkumbuka jirani yetu akiwa amekaa chini, mkebe mapajani, akihesabu jasho la ujana wake kwa sauti, moja moja, mbele ya watoto wake. Alihesabu hadi mwisho, akaukabidhi kwa wanawe wachezee. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba mtu ameibiwa na hakuna wa kushitakiwa.

Miaka ilipopita vijana wa mjini Arua wakaanza kupita vijijini wakinunua sarafu za kale. Uvumi ukaenea kwamba senti yenye tundu huuzwa kwa mamilioni, watu wakachimba hadi makaburini. Nimezisoma sarafu hizo kwa muda mrefu sasa, na napenda watu wangu waujue ukweli. Kuna senti za tundu za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti Desemba mwaka huo kabla ya kuvikwa taji. Ni historia nzuri, lakini zilitolewa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Shilingi za simba zina thamani ya fedha iliyomo, nayo si nyingi.

Ipo moja iliyo adimu kweli, nasi tuliipata katika udongo wa ukuta wa chumba cha baba mdogo. Ni ya shilingi 5, yenye pembe saba, na imeandikwa mwaka 1972. Serikali ya Amin ilitengenezesha sarafu hizo milioni 8, kisha zikaondolewa na karibu zote zikayeyushwa. Chache tu ziliponyoka. Wakusanyaji wa nje huzitafuta na hulipa mamia ya dola kwa moja iliyo safi. Nilimwonyesha mama.

“Hiyo ni ya baba yako mdogo,” akasema. “Alikuja nayo likizo. Alisema atamwekea mtoto wake wa kwanza.”

“Mama, inaweza kulipa karo.”

“Basi ilipe karo ya wanawe. Waite kwanza uwaambie ilitoka wapi.”

Niliwaita. Walikua bila picha ya baba yao, maana kila karatasi yenye jina lake iliungua. Walizungushiana ile sarafu, kisha wakamtaka mama awasimulie kila alichokumbuka juu ya mtu aliyeificha. Alisimulia hadi usiku. Waliamua kutoiuza.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Koboko na Arua: ukipata sarafu ukutani, usiisugue kwa majivu wala ndimu, maana kuisugua huondoa thamani yake kwa mnunuzi na huifuta kwa msomaji. Andika ilipatikana wapi, kwa kina gani, pamoja na nini, na nyumba hiyo ilikuwa ya nani. Mwaka ulio kwenye sarafu ya mwisho katika chungu mara nyingi hukuonyesha karibu ni lini mwenyewe alikatizwa. Watu waliopoteza hati zote hawana kumbukumbu nyingine iliyopigwa tarehe.

Mwaka 2016 watu wa Yei walivuka mpaka wakaja kwetu, wakikimbia vita vyao. Baadhi yao ni wa koo zilizotupa mashamba tulipokuwa wakimbizi. Niliketi na mama mmoja aliyeniambia ameacha akiba yake ardhini. Nilimkataza asinitajie mahali. Nilimwomba amwambie binti yake, siku hiyohiyo, kabla hawajalala. Akiba yetu haikupotezwa na vita peke yake. Ilipotea pia kwa sababu kila mmoja aliificha hata kwa wale aliokuwa akiwawekea, na siri ikafa naye.