Picha Ipo, Sauti Haipo: Tuziokoe Kanda za Wazee Wetu



Ndugu wasomaji, hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, ukifungua kabati za watu utakuta kanda za video. Zipo za harusi, za akika, za darsa za Ramadhani, na zile zilizoletwa na jamaa kutoka Kigoma, Dar es Salaam au Oman. Lakini deki za kuzichezea zinakwisha. VHS iliingia sokoni Japani mwaka 1976, na kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Deki yako ikifa leo, utatafuta kuukuu mwenzake. Na kanda yenyewe ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Joto, unyevu na ukungu huula polepole.

Kwa muda sasa, sisi walimu wa madrasa pamoja na wanafunzi wakubwa tunakaa baada ya Isha tukizihamishia kanda hizo kwenye kompyuta. Katika kazi hii tumeona kwamba picha haisumbui sana, sauti ndiyo inayosumbua. Na sauti ndiyo wanayoitaka watu. Picha ya marehemu ipo ukutani, ama sauti yake haipo popote ila ndani ya kanda.

Mama mmoja mjane alituletea kanda ya akika ya mwanawe. Baba alifariki mtoto hajatimiza mwaka. Sasa ni kijana wa miaka 24, na hakumbuki sauti ya baba yake hata neno moja. Katika kanda hiyo baba ndiye anayelitangaza jina la mtoto. Fundi mmoja aliwahi kuihamisha, akawarudishia diski yenye picha safi na kimya tangu mwanzo hadi mwisho, akasema sauti imekufa. Kwa rehema za Allah, mama hakuitupa kanda.

Basi tueleze namna tunavyofanya, ili nanyi mnufaike nyumbani.

Kwanza, tunatafuta sauti imekatikia wapi. Tunachomeka deki kwenye televisheni kabla ya kuigusa kompyuta. Ikisikika huko, kanda ni nzima na tatizo liko mbele yake. Isiposikika, au ikikwaruza, tusikate tamaa bado. Kanda nyingi za VHS zina sauti iliyoandikwa mara mbili: moja imepita ukingoni mwa utepe, na nyingine, ile ya Hi-Fi, imeandikwa na vichwa vinavyozunguka, chini ya picha. Ya Hi-Fi ni nzuri zaidi, lakini kanda ikichakaa hupasuka na kunguruma. Deki nyingi za Hi-Fi zina kitufe cha kuhamia sauti ya kawaida ya ukingoni. Sauti hiyo si tamu, ila hutulia. Mara nyingi maneno ya mzee yamepatikana hapo.

Pili, nyaya. Wa njano ni wa picha. Mwekundu na mweupe ni wa sauti. Deki ya mono ina tundu moja tu la sauti, nalo huwa jeupe. Angalieni pia kifaa chenu cha kunasia: kuna vinavyopitisha picha peke yake kwenye USB na kutaka sauti iingie kwenye tundu la sauti la kompyuta. Hapo lazima liwe tundu la kupokea sauti ya redio au deki, si la maikrofoni. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, kwa hiyo tundu lake hukuza kila kinachoingia. Likipewa sauti ya deki, hutoka imepasuka, na baadaye hakuna programu itakayoirekebisha vizuri. Laptop nyingi zina tundu la maikrofoni tu. Kwa hizo, chagueni kifaa chenye matundu yake mwenyewe ya nyekundu na nyeupe.

Tatu, ndani ya kompyuta. Programu huchagua picha na sauti mbali mbali. Unaweza kuchagua kifaa kwa picha, na sauti ikabaki imeelekezwa kwenye maikrofoni ya laptop. Ukirekodi, utapata kelele za chumba na watoto wanaopita. Vile vile, Windows 10 na 11 huhesabu sauti ya kifaa cha kunasia kuwa ni maikrofoni. Ruhusa ya maikrofoni ikizimwa kwenye mipangilio ya faragha, picha inakuja na sauti inazuiwa. Na kuna jambo la kinyume: katika programu kama OBS, spika zinaweza kuwa kimya huku sauti inarekodiwa sawasawa. Kwa hiyo tazameni kipimo cha sauti kinachopanda na kushuka, kisha rekodini dakika mbili na kuzisikiliza kwa hedifoni kabla ya kuanza kanda nzima.

Nne, sauti na midomo kutofautiana. Ikiwa tofauti ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, ni rahisi: sogezeni sauti mara moja mbele au nyuma. Ikiwa inakua kadiri kanda inavyokwenda, kuna sababu mbili tunazozikuta zaidi. Ya kwanza ni kupotea kwa picha. Kanda za kwetu zina picha 25 kwa sekunde. Kompyuta ikilemewa ikaacha picha 75, video imepungua sekunde 3 na sauti inabaki nyuma. Dawa yake ni kufunga programu nyingine, kuacha nafasi ya kutosha kwenye diski, na kunasa upya. Ya pili ni vipimo vya sauti. Sauti iliyonaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ikisomwa kama 44,100, dakika 60 huwa kama 65, na msemaji anasikika mzito, anavuta maneno. Wekeni 48,000 kila mahali.

Na mkisikia mvumo mfululizo chini ya maneno, chomoeni chaja ya laptop, mnase kwa betri. Mara nyingi mvumo ni wa umeme wa ukutani unaozunguka baina ya vifaa viwili.

Ile kanda ya akika ilisikika kwenye televisheni bila tabu yoyote. Kwenye kompyuta ruhusa ya maikrofoni ilikuwa imezimwa, tukaifungua. Kijana alikaa karibu na spika, akasikia jina lake likitajwa na baba yake. Akaomba turudishe nyuma. Tulirudisha mara nyingi, hakuna aliyechoka.

La mwisho ni amana. Kanda ya harusi ina mama zetu na dada zetu, nao hawakurekodiwa ili watazamwe na kila mtu. Kanda za upande wa wanawake tunawapa walimu wa kike, wao ndio wanaonasa na kukagua. Nakala hukabidhiwa mwenye kanda, na iliyobaki kwenye kompyuta yetu hufutwa baada ya yeye kuhakikisha sauti iko sawa. Kanda yenyewe isitupwe. Ihifadhiwe imesimama, mahali pakavu, mbali na jua na spika kubwa.

Wenye kanda za darsa za walimu wetu waliotangulia, tunawaomba mzilete mapema, na mziandike juu ni ya nani na ya mwaka gani. Wazee wanaozitambua sauti hizo nao wanapungua.

Allah awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kutunza.

Wabillahi tawfiq.