Miaka Yangu ya Kupigania Ngazi

Nikijitambulisha kuwa mhandisi wa viwanja vya mpira, swali la kwanza huwa ni paa. Paa lina sifa zake, sikatai. Kinachotutisha pale si uzito wake bali upepo unaoingia chini yake na kutaka kulinyanyua. Lakini hesabu hiyo unaipiga, unaimaliza. Ujana wangu uliliwa na majukwaa.

Jukwaa huanzia machoni. Unachora mstari kutoka jicho la mtazamaji hadi ukingo wa uwanja ulio karibu naye, kisha unapima mstari huo unapita juu ya jicho la aliyekaa mbele yake kwa kiasi gani. Milimita 90 ni nzuri, 60 inavumilika. Chini ya hapo, mtu amelipa kiingilio aje kutazama visogo. Ili kila safu ipate haki yake, za nyuma hazina budi kuzidi kuinuka. Ndiyo maana jukwaa zuri hujikunja kwenda juu.

Halafu shabiki mwenyewe hakai. Siku ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Mkapa kuna viti 60,000, lakini bao likiingia kiti ni pambo. Watu wanaruka kwa mpigo mmoja, kama mara mbili kwa sekunde. Boriti ndefu na nyembamba ikiwa na mtikisiko wa asili ulio karibu na mpigo huo, nayo huanza kucheza. Nilikuwa nikidai boriti nene, wahasibu wananuna.

Ugomvi mkubwa ulikuwa ngazi na milango.

“Injinia, ngazi zote hizi za nini?” aliniuliza mteja mmoja. “Pale pangekaa viti vya kuuza.”

Nilimtajia uwanja wa mpira wa Accra, Mei 9, 2001. Polisi walipiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia kutoka, wakakuta milango imefungwa. Walikufa 126. Alinyamaza, ngazi zikabaki.

Ila mchoro wangu hauna mamlaka juu ya kufuli. Kwa hiyo ukienda uwanjani, kabla hujakaa tafuta mlango wako wa kutokea. Ukiukuta umefungwa kwa mnyororo, mwite msimamizi, na usikubali mechi ianze kabla haujafunguliwa.