Sahihi Iliyo Sahihi

Wanaokuja hapa kusoma mambo ya hifadhidata watanivumilia leo. Nina ugonjwa mwingine: nakusanya sahihi za wachoraji wa komiki. Ndiyo, vile vitabu vya katuni. Na ndiyo, nina miaka ishirini na minane.

Mashabiki wanapokongamana hapa Nairobi (NAICCON ndilo kongamano ambalo wengi mnalijua) mimi huingia na begi la vitabu, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki na kadibodi nyuma kisikunjike. Watu wa NEMA msinikamate, hii si ile mifuko ya kubebea sukuma wiki iliyopigwa marufuku 2017. Nabeba pia kalamu mbili za maka, nyeusi na ya rangi ya fedha, kwa sababu kuna majalada meusi yanayomeza wino wote. Vijana waliovaa kama wahusika wa anime hujazana kwenye jukwaa na michezo ya video. Mimi nakata kona hadi kwenye meza za wachoraji. Kule San Diego, ambako kongamano lao lilianza mwaka wa 1970 na siku hizi huvuta watu zaidi ya laki moja, unaweza kupanga foleni kwa saa kadhaa upate dakika moja na mchoraji maarufu. Hapa kwetu unavuta kiti, mnapiga gumzo, unalipa kwa M-Pesa, na mara nyingine unachorewa kichwa cha shujaa bure.

Sasa, swali la kitaalamu: utajuaje kwamba sahihi ni sahihi?

Kwenye kompyuta jibu lipo zamani. Mwaka wa 1976 Diffie na Hellman walieleza wazo lenyewe: mwenye ufunguo wa siri anatia sahihi, na yeyote aliye na ufunguo wa wazi anahakiki. Badilisha herufi moja ya waraka, hesabu inakataa. Wino hauna hesabu. Jina lililo kwenye jalada linaweza kuigwa na mtoto yeyote mwenye mkono mwepesi.

Wamarekani wametumia dawa ya zamani kuliko kompyuta, yaani shahidi. Kampuni ya CGC, iliyoanza mwaka wa 2000, huhakikisha kuna mtu wake anayeshuhudia mchoraji akiandika. Kitabu kinapewa alama isiyozidi 10, kinafungiwa ndani ya ganda gumu la plastiki na kubandikwa lebo ya manjano. Kwa miaka mingi, ukiwapelekea sahihi uliyojipatia mwenyewe bila shahidi wao, ulirudishiwa kitabu na lebo ya kijani. Wino wa msanii mwenyewe ulihesabiwa kama uchafu juu ya jalada!

Kama mwandishi wa programu nauheshimu mfumo huo. Kama msomaji siutaki. Kitabu kilicho ndani ya ganda hakisomeki. Tena mimi huomba niandikiwe jina langu, "Kwa fulani", na wanaouza komiki hunicheka kwa sababu jina la mtu hushusha bei. Sawa tu. Babu yangu alikuwa akikata Juha Kalulu kutoka Taifa Leo na kubandika kwenye daftari, na daftari lile hakuna aliyewahi kulitia bei.

Kinachonikimbiza ni kwamba wachoraji hawangoji. Frank Odoi, aliyetuchorea Akokhan, alifariki mwaka wa 2012 katika ajali ya matatu humu humu Nairobi; mimi nilikuwa bado mtoto wa shule. Terry Hirst, aliyeanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka wa 1973, naye ametutoka. Sahihi zao sina.

Na si wakongwe tu. Miaka sita iliyopita nilinunua toleo la kwanza la dada mmoja aliyechapisha nakala chache kwa pesa zake mwenyewe, River Road. Kurasa 24, hadithi ya fundi wa redio anayesikia sauti za watu kabla hawajazungumza. Alinitilia sahihi jalada lote, mkia wa herufi ya mwisho ukipita juu ya uso wa fundi. Toleo la pili halikutoka. Alipata kazi ya ofisi, meza yake ikachukuliwa na wauza fulana.

Mwaka jana nilimkuta akizunguka kama mgeni tu. Aliponiona hakunisalimia hata, akauliza, "Kaka, kile kitabu bado unacho?" Kumbe kompyuta yake iliibwa na michoro yote, na nakala zake aliwagawia marafiki ambao wamezipoteza. Alikuwa ameuliza kila mtu.

Nilikiskani wiki hiyo hiyo, ukurasa kwa ukurasa, kwa ubora wa juu kabisa ambao mashine yangu inaweza. Tatizo lilikuwa jalada. Alitaka lililo safi ili achapishe upya, kwa hiyo nilikaa jioni mbili nikifuta jina lake na langu, nukta kwa nukta, na kuurudisha uso wa fundi chini ya wino. Nilipomtumia faili alinijibu baada ya dakika tano: jicho la kushoto nimelikosea, atalichora mwenyewe.

Ameshalichora. Sasa yuko ukurasa wa tisa wa toleo la pili.