Ushirika wa Ghorofa ya 14

Jumatatu, 9 Juni 2025. Bariadi

Kaka kanitumia karatasi za ile apatimenti ya Masaki. Vyumba vitatu, vyote masta, ghorofa ya 14, mita za mraba 165, baraza linatazama bahari. Dalali amepiga video asubuhi na mdomo wake haupumziki: jimu, bwawa, jenereta, lifti mbili. Bei shilingi milioni 790. Mwaka jana angetaja dola. Tangu Machi kanuni zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, basi shilingi zimeandikwa kwa herufi nene, lakini ukizigawa unaiona dola inachungulia. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani: bila VAT. Asilimia 18 ni milioni 142 nyingine. Hiyo kwenye video haimo.

Nikapiga hesabu ya kwetu. Pamba tuiweke shilingi 1,000 kwa kilo, ili kichwa kisiume. Zinatakiwa tani 790. Mkulima wa huku akivuna kilo 300 kwa ekari amejitahidi, kwa hiyo ni zaidi ya ekari 2,600 kwa sebule moja na vyumba vitatu.

Alhamisi, 12 Juni

Kwa nini Masaki? Kaka anasema hoteli zinammaliza kila anapofuata vipuri na mambo ya kodi Dar es Salaam, na mabinti wako chuo. Kweli. Ila kuna mfanyabiashara mwenzake wa pamba aliyenunua kule, na tangu hapo Kaka hanyamazi kuhusu Daraja la Tanzanite, unavyopita juu ya maji kilomita moja ukashukia karibu na Coco Beach. Wifi hasemi kitu. Ameuliza tu kama kuku wanaruhusiwa.

Afadhali jengo limekwisha. Maghorofa ya Kawe 711 ya Shirika la Nyumba la Taifa kazi ilisimama mwaka 2018, yakabaki magofu mapya kwa miaka kabla mafundi hawajarudi. Ikiwa shirika la umma linaweza kukwama hivyo, mtu binafsi asikuuzie picha.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nikapita kwa Baba Mkubwa. Ujana wake alikuwa karani wa mizani enzi za Victoria Federation, ule muungano wa ushirika wa pamba wa Paul Bomani ulioanzishwa 1955, na mpaka leo ukimsomea tarakimu anataka azione mwenyewe. Nikampa karatasi. Alizisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

Nilidhani atanikumbusha mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Au atauliza ardhi ni ya nani. Hakugusa huko. Alisimama kwenye ukurasa wa kanuni za jengo, akasema, "Mayu, mwenyekiti ni nani?"

Nikaurudia ukurasa nikiwa nyumbani. Kwa sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, kila apatimenti inaweza kuwa na hati yake, ila kiwanja, ngazi, lifti, paa na mabomba makuu ni vya wote kwa mafungu, na wenye sehemu wanaingia kwenye umoja mmoja. Kuna uongozi, mkutano mkuu, makato. Yaani ni AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima! Kaka yangu, ambaye tangu 2019, wakulima walipokaa na stakabadhi bila hela, haketi mkutano wowote wa ushirika, anataka kulipa milioni 790 ili awe mwanachama.

Na makato yake siyo ya mchezo. Ada ya huduma ni shilingi 6,000 kwa mita ya mraba kila mwezi. Mara 165 ni 990,000, uwe umelala humo au uko Bariadi. Kwa mwaka ni milioni 11 na laki nane na themanini. Kodi ya jengo ya nyumba yetu huku inakatwa kwenye LUKU 1,500 kwa mwezi na bado tunanung'unika.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kuchosha. Magari yetu mawili yamelala Maswa, moja kwa ekseli. Apatimenti sikuigusa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimempigia dalali mwenyewe. Maswali mawili tu. La kwanza: apatimenti ngapi zimeuzwa? Akazunguka, mwishoe akasema 23 kati ya 60. Kwa kanuni za jengo hili kura zinafuata mafungu, na mafungu ya zile 37 yako kwa mjenzi. Kwa hiyo mjenzi ndiye mkutano mkuu. Ndiye anayemchagua mtu wa kutunza lifti, ndiye anayepanga ada, na kampuni ya usafi sitashangaa ikiwa ya shemeji yake. Baba Mkubwa aliyaona haya tangu enzi za mizani. Mwaka 1976 alishuhudia vyama vikuu vya ushirika vikifutwa kwa tamko moja, akarudi shambani na kalamu yake.

La pili: akiba ya matengenezo iko wapi? Lifti huisha. Jenereta huisha. Pampu inayopandisha maji mpaka ghorofa ya 14 ikifa, baraza la bahari linakuwa la kubebea ndoo. Akajibu jengo ni jipya. Sikuuliza umri wa jengo.

Alhamisi, 26 Juni

Wakili amepekua kwa Msajili wa Hati. Hati za sehemu hazijatoka. Ipo hati mama, na hati mama ina rehani ya benki. Si wizi, wajenzi wengi hukopa hivyo, na riba ikiwa juu hukimbilia kuuza. Lakini mnunuzi anayelipa sasa anapewa mkataba na funguo, na benki inabaki na nyumba. Nimemwandikia Kaka: asitoe hata shilingi mpaka benki iandike kwamba inaiachia sehemu yake, fedha zikae kwa wakili hadi hati ya sehemu itoke, na ada ya huduma isipandishwe bila kura za walionunua. Asipewe hayo, akapange nyumba Mikocheni.

Jumanne, 1 Julai

Mji mzima ni watia nia. Kesho ndiyo mwisho wa kuchukua fomu za CCM, na kila kijiwe kina mbunge wake. Kaka kapiga simu. Nilitegemea hasira. Benki imekubali kuandika barua, mjenzi anavutana kuhusu ada, wakili anaendelea naye. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, mkutano mkuu wa wenye sehemu unaitishwa mwezi gani, na fomu za uenyekiti zinatolewa na nani.