Tukitazame Chakula Chetu



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunapenda tukumbushane jambo linaloonekana dogo, nalo ni chakula tunachokula hapa Juba.

Katika Surat 'Abasa, Allah (S.W.) anamtaka mwanadamu akitazame chakula chake, kisha anamtajia maji ya mvua, ardhi inayopasuka, nafaka na matunda. Sisi tunaonunua Konyo Konyo tunaweza kuyaona hayo kwa macho. Huku kuna magunia ya unga, vitunguu na ndizi kutoka Uganda, vilivyopitia Nimule. Kule akina mama wamekaa chini juani na mafungu ya kudra, ile mboga ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita mrenda, pamoja na majani ya kunde, bamia na karanga. Mboga nyingi za namna hii hulimwa kando ya Nile, kisiwani Gondokoro na pembezoni mwa mji.

Hatusemi kununua cha Uganda ni vibaya. Biashara ni halali, na barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizofunguliwa mwaka 2012, imetulisha sana. Lakini mwaka 2021 madereva wa malori waligoma mpakani Elegu baada ya wenzao kuuawa njiani. Mji unaongoja barabara moja hulala na wasiwasi. Mama wa Gondokoro yeye huvuka mto tu.

Nyumbani kwetu tumejiwekea utaratibu. Siku tatu kwa wiki hatupiki kitu kilichovuka mpaka, isipokuwa chumvi na mafuta. Tunakula asida ya mtama kwa kudra iliyotiwa karanga za kusaga, au kisra kwa mchuzi wa bamia kavu wakati wa kiangazi. Tukijaaliwa, tunapata samaki wa Nile. Mvua zikianza, embe ni nyingi mno hata nyingine huozea chini ya miti, huku watoto wakililia juisi ya boksi!

Wanafunzi wetu hunung'unika: "Ustadhi, hiki ni chakula cha kijijini." Tunawakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia kasoro chakula. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Na kijiji kinachodharauliwa ndicho kilichowalea babu zao.

Mikahawani nako tuulize: "Leo kuna kudra? Kuna kisra?" Mwenye mkahawa hupika kinachoulizwa. Tukiagiza chipsi kila siku, atapika chipsi kila siku. Kwa wanafunzi wanaokaa mbali na nyumbani, samaki hana haja ya kuchinjwa, kwa hiyo ni wepesi kwetu. Hata hivyo ulizeni mafuta yaliyomkaangia na sufuria iliyotumika.

Mwisho, tusimbane mama wa mboga kwa bei ya fungu moja. Pesa ile ndiyo daftari la mwanawe na dawa ya malaria. Ukimwachia chenji kwa nia njema, inatarajiwa kuwa sadaka, na yeye atapata nguvu ya kulima tena msimu ujao. Asipolima, sote tutabaki kungoja malori.

Tunamuomba Allah aibariki ardhi hii, awalinde wakulima na wasafiri wake, na atujaalie riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.